Mbwa Mkubwa, Ngazi na Chumba cha Kulala



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Miezi michache iliyopita, baada ya Misa ya pili, mwamini mmoja alinifuata sakristiani akaniuliza iwapo ni dhambi mtu kulala chumba kimoja na mbwa. Nilijua anamsema nani. Katika jumuiya yake yumo mama mjane mwenye nyumba ya ghorofa, naye hufuga mbwa mkubwa wa jamii ya German Shepherd, ambaye kila usiku hupanda ngazi na kulala miguuni pa kitanda chake. Jumapili iliyofuata, nikitaka kuwachangamsha watu kabla ya baraka ya mwisho, nilikumbusha methali ya wahenga kwamba ukicheza na mbwa atakufuata hadi msikitini, nikaongeza kwamba siku hizi hafiki tena msikitini, bali huishia chumbani. Kanisa zima lilicheka. Yule mama hakucheka. Jumapili mbili zilizofuata nafasi yake katika benchi ilikuwa wazi.

Nilikwenda kumtembelea. Alinipokea kwa heshima, akanitengea chai, wala hakunilaumu. Aliniambia tu: "Baba, watoto wako mbali, na marehemu hayupo. Usiku nyumba hii ni kubwa mno. Nikimsikia huyu anavyopumua, najua kwamba sijabaki peke yangu." Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi. Ameniruhusu kuyasimulia haya bila kumtaja jina, ili kosa lililotendwa mbele ya wengi lisahihishwe mbele ya wengi.

Lakini kabla sijaondoka niliona jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jioni ilipoingia, mama alipanda juu kuichukua rozari yake. Mbwa wake, mwenye umri wa miaka tisa, aliinuka ili amfuate. Aliweka miguu ya mbele juu ya kidato cha kwanza, akasita. Miguu ya nyuma ilitetemeka. Alipanda vidato vitatu, akapumzika. Akapanda viwili, akapumzika tena. Ngazi ile ina vigae laini, na mara mbili aliteleza. Hakulia wala hakurudi nyuma. Mama alipomwona alitabasamu, akasema: "Siku hizi ndivyo alivyo, Baba. Ni uvivu wa uzee."

Haukuwa uvivu. Ndipo nilipotambua kwamba sisi sote, mimi wa kwanza, tulikuwa tumeshughulika na swali moja tukaliacha la pili. Tuliuliza kama mbwa anastahili kuwa chumbani. Hakuna aliyeuliza kama njia ya kufika huko inamuumiza.

Tulitazame kwanza swali hilo lililosahauliwa. Mbwa wa aina kubwa, kama German Shepherd, Rottweiler, Labrador na Great Dane, ana hatari kubwa ya kupata kasoro ya nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe chake, kiungo kinalegea, na kadiri miaka inavyopita kinasagika na kuvimba. Sehemu ya kasoro hiyo hurithiwa kutoka kwa wazazi, na sehemu nyingine hutokana na malezi. Utafiti uliofanywa nchini Norwei kwa mbwa wa aina nne kubwa, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba watoto wa mbwa waliotumia ngazi tangu kuzaliwa hadi umri wa miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kasoro hiyo, ilhali wale walioachiwa kucheza huru nje, katika ardhi ya kawaida, walikuwa na hatari ndogo zaidi. Mifupa ya mbwa mkubwa huchukua mwaka mmoja, mmoja na nusu, au hata zaidi, kukomaa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Udongo huo huo, ukikandamizwa vibaya ungali maji, hukauka na ulemavu wake.

Halafu huja uzee, nao huwahi kuliko tunavyodhani. Mbwa mdogo wa miaka saba kwa kawaida bado hajazeeka. Mbwa mkubwa wa miaka saba au minane ameanza kuzeeka. Anapopanda ngazi, nyonga zake husukuma uzito wote kwenda juu. Anaposhuka, mabega na viwiko hupokea uzito huo huo kwa kishindo. Na kwa kuwa mbwa amezoea kumfuata bwana wake, atapanda hata kama anaumia, wala hatasema. Upendo wake ndio unaomponza.

Sasa tulirudie swali la kwanza: je, ni dhambi mbwa kuingia chumbani? Jibu langu ni hapana. Maandiko Matakatifu yanatuambia katika kitabu cha Tobiti kwamba Tobia alipoanza safari yake ndefu pamoja na malaika Rafaeli, mbwa naye alifuatana nao. Mwandishi hakumwonea haya mbwa huyo kuwa katika msafara mmoja na malaika. Mwanamke Mkanaani, katika Injili ya Mathayo, alijenga hoja yake juu ya mbwa walio chini ya meza, yaani ndani ya nyumba na si nje ya ua, na Bwana akaisifu imani yake.

Historia ya Kanisa nayo ina ushuhuda wake. Katika mlima wa Alps, mpakani mwa Uswisi na Italia, kuna njia iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,469, ambako Mtakatifu Bernardo wa Menthon alianzisha nyumba ya kuwapokea wasafiri katika karne ya 11. Tangu karne ya 17 watawa wa nyumba hiyo walifuga mbwa wakubwa, ambao baadaye walisaidia kuwatafuta watu waliofukiwa na theluji. Mmoja wao, aliyeitwa Barry na kuishi kati ya mwaka 1800 na 1814, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40, na mwili wake umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Bern. Mwaka 2005 watawa waliukabidhi ufugaji huo kwa taasisi maalumu. Watu wa sala waliishi karibu na mbwa kwa karne nyingi, na utakatifu wao haukupungua.

Hata hivyo habari hiyo ina fundisho la pili. Barry alikuwa mbwa wa kilo arobaini na kitu. Mbwa wengi wa ukoo wake leo hupita kilo 60. Si Mungu aliyewaongezea uzito huo. Ni sisi binadamu, kwa kuchagua wazazi wakubwa kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ukubwa unatupendeza. Basi anayenunua mbwa mkubwa amenunua pia matokeo ya uchaguzi huo, na anawajibika mbele ya Muumba kwa nyonga za kiumbe ambacho hakikujichagulia kuwa kizito. Kitabu cha Mithali kinafundisha kwamba mwenye haki huyajali maisha ya mnyama wake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: chumba kinaweza kuruhusiwa, lakini ngazi zisiruhusiwe ovyo. Mtoto wa mbwa mkubwa abebwe, au ngazi iwekewe kizuizi cha mbao mpaka mifupa yake ikomae. Mbwa mzima apande kwa kiasi, vidato viwekewe zulia au mkeka ulioshikiliwa vizuri ili asiteleze. Mbwa mzee asipandishwe kabisa. Asinenepeshwe pia. Utafiti wa miaka 14 uliochapishwa mwaka 2002, uliohusu Labrador 48, ulionyesha kwamba wale waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya ndugu zao, na viungo vyao vilichelewa kuharibika. Na akionyesha maumivu, aitwe daktari wa mifugo. Msimpe dawa zenu za maumivu. Diclofenac na ibuprofen zinaweza kumtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Chumba nacho kina masharti yake, nami nayataja matatu.

Sharti la kwanza ni afya. Mbwa asiyechanjwa asilale na watu, wala asicheze na watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote hukipata kutoka kwa mbwa. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Lakini chanjo ipo, na kwa mbwa ni sindano inayorudiwa kwa ratiba ya daktari. Pia apewe dawa za minyoo na kuogeshwa dhidi ya kupe na viroboto. Ndugu zetu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wameteseka kwa muda mrefu kwa uvimbe wa maji katika ini na mapafu, unaosababishwa na tegu wa mbwa. Kuhusu usingizi wenyewe, watafiti wa kliniki ya Mayo nchini Marekani waliripoti mwaka 2017 kwamba watu waliolala na mbwa chumbani walipata usingizi wa kuridhisha, ila ulipungua kidogo mbwa alipokuwa juu ya kitanda. Basi awe na mkeka wake sakafuni.

Sharti la pili ni amani ya watu wa nyumba na majirani. Chumba cha wanandoa ni chao wawili. Mmoja asipokubali, mbwa abaki nje ya mlango, kwa kuwa kiapo cha altareni hakikumtaja mbwa. Tunaishi pia na ndugu zetu Waislamu, ambao kwa imani yao mate ya mbwa huhitaji tohara maalumu. Anayemkaribisha jirani wa namna hiyo amfungie mbwa wake mahali, wala asione kwamba amedhulumiwa.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote. Katika nyumba nyingine niliyoalikwa kuibariki nilikuta mbwa wana godoro lao ghorofani. Getini alikuwapo mlinzi, baba wa watoto wanne, juu ya kiti cha plastiki, na mvua ilikuwa inanyesha. Niliibariki nyumba ile kwa ulimi mzito. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwenye namba 2418, inakataza kuwatesa wanyama bila sababu; na papo hapo inafundisha kwamba haifai kuwatumilia wanyama fedha zinazopaswa kwanza kupunguza taabu ya binadamu, wala kuwapa upendo unaowastahili watu peke yao. Baba Mtakatifu Fransisko aligusa jambo hilo tarehe 5 Januari 2022, alipowasikitikia wanandoa wanaokataa kupata watoto huku wakiwaweka mbwa na paka mahali pao. Katika mfano wa tajiri na Lazaro, mbwa ndio waliomkaribia maskini mlangoni. Mwenye nyumba hakutoka. Mbwa wako akilala juu ya zulia wakati mlinzi wako anatetemeka, mbwa hana kosa lolote. Ulizo liko kwako.

Mtu atasema: "Baba, kwa nini Kanisa lijishughulishe na mbwa, wakati watu wana shida?" Ni kweli shida zipo. Lakini sijaona mtu aliyejifunza huruma kwa kuikatia sehemu. Macho yaliyoshindwa kuona miguu ya mbwa ikitetemeka yalishindwa pia kuona upweke wa mjane, nayo yalikuwa macho yangu.

Namalizia kwa habari ya yule mama. Nilipomweleza kwamba mbwa wake anaumia, alilia kidogo, akasema hatamwacha alale chini peke yake baada ya miaka yote ile. Nikamwambia: "Mama, si lazima yeye apande. Wewe unaweza kushuka." Chini kuna chumba cha wageni kisichotumika. Jumamosi iliyofuata vijana wa jumuiya yake, baadhi yao wakiwa ndio waliocheka sana kanisani, walikibeba kitanda, kabati na picha ya Moyo Mtakatifu wakavishusha. Daktari wa mifugo alikuja. Mbwa sasa hutembea hatua kumi tu kutoka mkekani hadi barazani. Na mama mwenyewe, ambaye magoti yake ni ya miaka 68, amekiri kwamba ngazi ile ilikuwa inamchosha hata yeye, ila hakutaka kusema. Katika benchi la tatu upande wa Bikira Maria, nafasi yake haiko wazi tena.

Imani yetu inakiri kwamba sisi tulipokuwa hatuwezi kupanda, Mungu mwenyewe alishuka. Juma hili, kila mmoja atazame nyumbani mwake ni nani anayepanda ngazi kwa maumivu ili awe karibu naye: mzazi mzee, mfanyakazi, mtoto, au hata mbwa. Kisha ashuke yeye.

Mungu awabariki nyote.

Wenu katika Kristo,
Paroko