MAZUNGUMZO YA JIONI: Waliosamehewa Ndio Waliolia



Wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Nasi twajua ni kweli. Hata mzee aliyeugua miaka mingi bado hutafuta dawa ili aione kesho. Lakini jioni ya leo nataka kuwasimulia habari za watu walioambiwa kwamba watanyongwa, wakapiga magoti wakamshukuru Mungu. Wenzao walioambiwa kwamba wataishi, hao ndio waliolia. Wala si hadithi ya kubuni.

Zamani serikali ya Uingereza ilikuwa na desturi ya kuwapeleka wafungwa wake ng'ambo ya bahari. Toka mwaka 1788 hata mwaka 1868 walipelekwa Australia watu wapatao 160,000, wanaume kwa wanawake, na wengi kosa lao lilikuwa wizi tu. Miongoni mwao walikuwako Waairishi wengi, nao ni Wakatoliki, lakini mapadre hawakuwapo. Padre James Dixon, ambaye mwenyewe aliletwa huko kama mfungwa, alipewa ruhusa ya kusoma Misa mwaka 1803. Mwaka uliofuata wafungwa wakaasi, na ruhusa ile ikaondolewa. Ndipo mwaka 1820 wakafika mapadre wawili waliokubaliwa na serikali.

Basi, mfungwa aliyekosa tena huko huko Australia alipelekwa mahali pabaya zaidi, kisiwa cha Norfolk, yapata maili 1,000 kutoka mji wa Sydney. Kisiwa chenyewe ni kizuri ajabu, chenye udongo wa rutuba na miti mirefu iliyonyoka. Lakini katikati ya uzuri huo watu walifungwa minyororo miguuni, wakachimba mawe, wakala nyama ya chumvi na unga wa mahindi, wakachapwa viboko hata ngozi ikatoka mgongoni. Mioyo yao ikageuka. Hata maneno yao yakageuka: mtu mwovu ndiye waliyemwita mwema, na aliyetaka kutimiza wajibu wake wakamwita mbaya.

Mwezi wa Januari 1834 wafungwa hao wakawaasi askari, wakashindwa. Hakimu akaja kutoka Sydney, akawahukumu wengi kifo. Halafu kwa miezi wakangoja gerezani, wasijue nani atanyongwa na nani ataachwa. Serikali ikaamua kwamba 13 wanyongwe, na wengine waendelee na kifungo chao palepale kisiwani.

Aliyetumwa kuwapelekea habari na kuwatayarisha Wakatoliki kwa kifo ni Padre William Ullathorne, Mbenediktini, mwenye miaka 28. Alikuwa amezoea bahari, maana utotoni alikuwa baharia, na ni Misa moja aliyoihudhuria katika bandari ya mbali ndiyo iliyomrudisha kwa Mungu. Lakini mambo aliyoyakuta gerezani hakuwa ameyaona popote.

Akaingia katika vyumba vya wafungwa. Akawaambia maneno machache ya kuwatuliza, kisha akaanza kuyasoma majina ya watakaokufa. Kila aliyetajwa akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa kuwa sasa atatoka katika mahali pale. Wale ambao majina yao hayakutajwa wakabaki wamesimama kimya, machozi yakiwatoka.

Padre akakaa na watu wake, akawafundisha, akasali nao, akawaungamisha. Mchungaji wa Kianglikana waliyesafiri pamoja aliwahudumia watu wa kundi lake. Wale 13 wakanyongwa mwezi wa Septemba, kwa siku mbili.

Ndugu msomaji, huenda wasema: kazi ya padre imekwisha, roho zimetayarishwa. Ullathorne hakufikiri hivyo. Aliporudi Ulaya aliandika vitabu vidogo juu ya mateso ya wafungwa, na mwaka 1838 akasimama mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza akaeleza yote aliyoyaona. Matajiri wa Australia, waliotajirika kwa kazi ya wafungwa, wakamchukia, na magazeti yao yakamtukana. Lakini maneno yake, pamoja na ya wengine, yalisikiwa. Mwaka 1840 serikali ikaacha kuwapeleka wafungwa New South Wales. Askofu Robert Willson wa Hobart naye akasafiri mara tatu kwenda Norfolk kuwatetea waliobaki, na mwaka 1855 gereza la kisiwa hicho likafungwa. Leo magofu yake yanatunzwa ili watu wasisahau.

Mimi katika habari hii nawafikiri sana wale waliobaki wamesimama. Waliitwa watu waliosamehewa, lakini msamaha wenyewe haukuwapa chochote ila maisha yaleyale. Je, sisi hatutoi msamaha wa namna hiyo? Kijana wa kijijini aliiba mbuzi, akafungwa, akamaliza kifungo chake, akarudi nyumbani. Twamwitikia salamu barabarani. Lakini siku ya kuvuna hatumwiti. Kuku akipotea, jina lake ndilo la kwanza kutajwa. Kanisani benchi analokaa lina nafasi, na watu hubanana benchi la pili. Huyo tumemwacha aishi, lakini hatujampa maisha.

Bwana wetu ametuonya kwamba siku ya mwisho atatuuliza kama tulimtembelea alipokuwa kifungoni. Padre Ullathorne alivuka maili 1,000 za bahari kwa ajili hiyo. Pengine wewe mtu wako yupo nyumba ya tatu tu. Jumapili hii nenda ukakae naye benchi moja, na siku ya kuvuna umwite.

Haya, taa inafifia. Tusali, tukalale. Kwa herini mpaka juma lijalo.