Mume Anakwenda Kazini kwa Baiskeli? Hofu Yako Itumie Kabla Hajatoka



Somo hukufundisha mengi kabla ya harusi: udi, asumini, na namna ya kumpokea mume anaporudi. Hakufundishi ufanye nini na moyo wako pale maghrib inapopita na mume aliyetoka kwa baiskeli bado hajaonekana. Leo tulizungumze hilo, maana mabibi harusi wengi huingia kwenye ndoa bila ya kuambiwa.

Sisi tuliozaliwa visiwani huolewa hata mbali. Wengine hufika kusini kabisa, mfano Nanganga, kwenye barabara ya Masasi, panapochepuka njia ya Ruangwa. Huko mwalimu, mlinzi wa ghala na mkulima wa mikorosho, wengi hutegemea baiskeli. Lami hiyo hiyo wanayopita wao, yanapita mabasi na malori. Msimu wa korosho ukichanganya kuanzia Oktoba, malori hubeba magunia kwenda Mtwara bandarini. Mvua nazo zikianza, pembezoni mwa barabara hugeuka tope, na mwenye baiskeli hana budi kupanda kwenye lami pamoja na hayo malori.

Kwa hivyo, dada yangu, hofu yako ina msingi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilionesha kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wenye pikipiki. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa kumuona mume wako kwa sekunde mbili tu, ameshasogea mita 44.

Tatizo ni namna tunavyoitumia hofu hiyo. Asubuhi mume anatoka, tunampa mkono na dua. Ikifika jioni tunaanza kupiga simu: "Uko wapi? Mbona hujafika? Wahi, chakula kinapoa." Simu inalia mfukoni, mkono mmoja unaacha usukani, macho yanaacha barabara. Neno "wahi" nalo linamtia haraka wakati jua limeshazama, na giza la kwetu huingia upesi. Maoni yangu ni haya: hofu ya mke ina kazi kubwa kabla mume hajatoka. Akishapanda baiskeli, simu yako haimlindi.

Dini yetu imetufundisha mpango huo. Tunajua habari ya yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ndipo atawakali. Baiskeli nayo ina kamba zake.

Ya kwanza ni breki. Kwa mwenye kuteremka kutoka uwanda wa Makonde, upande wa Newala, breki ndiyo roho yake. Mipira ya breki iliyolika ibadilishwe kwa fundi leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Ya pili ni kuonekana. Taa ya mbele, taa nyekundu au rifulekta ya nyuma, na kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda. Dereva hawezi kumkwepa mtu asiyemuona.

Ya tatu ni mavazi. Siku ya Ijumaa wengi huenda kazini na kanzu ili wapitie msikitini. Kanzu ikiingia kwenye cheni humwangusha mtu katikati ya barabara. Ikunje uiweke kwenye mfuko juu ya keria, ataivaa akifika. Na helmeti ikipatikana, aivae. Kichwa tunachokishonea kofia ya viua kwa miezi kinastahili pia kitu kigumu cha kukikinga.

Ramadhani ina hatari yake. Mtu ana njaa, ana kiu, anakimbilia adhana ya magharibi. Mtilie tende tatu na chupa ya maji kwenye mfuko wake. Adhana ikimkuta njiani atasimama pembeni, atafuturu, kisha aje polepole. Sunna ya kuharakisha kufuturu ataipata bila ya kukimbizana na malori.

Kuhusu simu, wekeni mapatano. Abipu akifika kazini, abipu tena kabla hajaondoka. Akiwa njiani usimpigie, na ikilia asipokee mpaka asimame. Kubalianeni pia muda ambao ukipita bila ya habari, utampigia mwenzake wa kazini. Hapo unakuwa na la kufanya badala ya kukaa mlangoni ukiungua roho.

Wapo watakaosema heri auze baiskeli anunue pikipiki. Mimi sikubaliani. Pikipiki itampunguzia jasho, lakini itamwongezea mwendo, na mwendo ndio unaoua. Akiitaka kwa sababu ya umbali, sawa. Ila usiamini kwamba umemnunulia usalama.

Na wapo watakaosema mwanamume haelekezwi. Mwambie kwa lugha ya mapenzi, wakati ametulia, si mbele ya mama yake wala rafiki zake. "Baba, nimekutafutia taa" inaingia moyoni kuliko "utakuja kufa wewe."

Mwisho, mambo mengine hayawezi kumalizwa na mke mmoja jikoni. Majani yaliyofunika pembezoni mwa barabara, matuta yanayohitajika karibu na shule, njia ya waendao kwa miguu na baiskeli: hayo ni ya kusemwa kwenye mkutano wa kijiji, yaandikwe, yapelekwe TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa za vijijini. Wanawake tukikutana kwenye vikoba tunahesabu fedha mpaka shilingi ya mwisho. Tukae dakika kumi pia tuhesabu sehemu za hatari ambazo waume na watoto wetu wanapita kila siku, kisha twende mkutanoni tukiwa wengi.

Bibi harusi, ukiandaa zawadi ya mume pamoja na manukato na kofia, tia na taa ya baiskeli. Mwenyezi Mungu awarejeshe waume zetu salama. Amin.