Redio za Wazee Wetu Zisiishie Jaani

Hivi majuzi, baada ya sala ya Alasiri, nilipita Mwakirunge karibu na jaa linalopokea taka nyingi za Mombasa tangu lile la Kibarani lilipofungwa mwaka 2018. Nikamkuta kijana amechutama, akivunja kisanduku cha rangi ya kahawia kwa jiwe. Nikamtolea salamu, nikamwuliza anatafuta nini.

"Shaba, mzee."

"Na sanduku lenyewe?"

"Hilo halina mnunuzi."

Nilikitambua mara moja. Ilikuwa redio ya valvu, zile taa ndogo za kioo zilizokuwa zikiwaka ndani. Ni ndugu wa zile tuzionazo katika filamu kuukuu za Waingereza.

Nina maradhi yangu nitazamapo filamu hizo: waigizaji nawaacha, naitafuta redio. Katika filamu ya *In Which We Serve*, ya mwaka 1942, mabaharia wanamsikia Waziri Mkuu Chamberlain redioni akitangaza vita, kama alivyotangaza tarehe 3 Septemba 1939. Redio ni shahidi mzuri wa wakati. Ukimwona askari wa vita hivyo ameshika redio ndogo ya transista, jua mtengenezaji filamu amekosea, kwani hizo zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954. Tena mtu akifungua redio ya valvu na sauti itoke papo hapo, huo nao ni uongo: valvu sharti zipate moto kwanza, nawe usubiri.

Waingereza wanayajua haya kwa sababu wanazo redio zenyewe. Wapenzi wa redio hizo wana chama chao, British Vintage Wireless Society, tangu mwaka 1976. Sisi je?

Historia yetu katika visanduku hivyo ina utamu zaidi. Katika filamu zile, redio huleta sauti ya London, na watu husikiliza. Hapa pwani, katika miaka ya 1950, redio moja ilikuwa na sauti zinazoshindana. Palikuwa na Sauti ya Mvita, hapa hapa Mombasa. Mwaka 1954 Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili na kuwashambulia wakoloni waziwazi. Mwaka 1957 BBC nayo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili. Serikali iliweza kumiliki stesheni; mkono wa mzee barazani, ukizungusha kifundo usiku, haikuweza kuumiliki. Pasipokuwa na umeme palikuwa na betri, na waya wa eriali ukafungwa juu ya mnazi. Jirani asiye na redio alikuja na masikio yake.

Baraza hizo hazikupata filamu zake. Shahidi aliyebaki ni kisanduku, na shahidi huyo tunamvunja kwa jiwe.

Simlaumu kijana yule. Anatafuta riziki yake ya halali juani na moshini. Aliyeitupa redio ni mrithi: marehemu amezikwa, nyumba imepakwa rangi, na sanduku la baba likaonekana uchafu.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya kutupa, waulize wazee ilinunuliwa wapi, nani alikuwa akija kusikiliza, na stesheni zipi. Yaandike katika karatasi, uibandike ndani ya sanduku. Nyumba ikiwa haina nafasi, ulizeni katika makumbusho ya Fort Jesus. Na wakuu wa kaunti watenge mahali pa vyombo vya umeme, ili vichambuliwe kabla ya kumwagwa pamoja na maganda ya machungwa.

Nilimpa kijana shilingi chache, naye akanipa kilichosalia: kioo cha stesheni, kimepasuka katikati. Nimekiweka rafuni. Wajukuu wameniuliza ni kitu gani, nami nimeanza kuwahadithia.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umekwishafika jaani. Tuuokote kabla haujachomwa.