Sikukuu Isipimwe kwa Wingi wa Mifupa na Taka

Kila ifikapo Desemba, Mkenya aliyekaa mjini mwaka mzima akihesabu senti hugeuka tajiri ghafla. Nauli za mabasi na matatu za kwenda mashambani hupanda maradufu, naye hulipa bila kunung'unika. Mbuzi aliyemshinda bei mwezi Novemba humnunua sasa bila mashindano makubwa. Kreti za soda hupangwa ukutani, unga wa chapati hubebwa kwa marobota, na makaa hununuliwa kana kwamba miti huota na kukomaa kwa usiku mmoja. Nayasema haya nikijua kuwa nami nimo. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesafiri kutoka Nairobi hadi kwetu Vihiga kila Krismasi, na sijawahi kufika mikono mitupu.

Hata hivyo, tangu Krismasi ya mwaka wa 2022 nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo ningependa kuwauliza wasomaji pia: je, tunasherehekea au tunaharibu?

Kaka yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, anaugua kisukari. Jambo hilo halikuwa siri kwa yeyote katika ukoo wetu. Siku hiyo alizunguka nyumba zetu zote, kama desturi inavyomtaka mkubwa wa boma. Kila alipoingia aliwekewa chapati, nyama na soda. Alipojaribu kukataa aliambiwa, "Mzee, leo ni Krismasi. Maji utakunywa kesho." Chupa mojawapo niliifungua mimi kwa mkono wangu, nikamtilia kwenye bilauri huku nikicheka. Usiku akashikwa na kiu isiyokatika, akatapika, na kabla ya mapambazuko hakuweza kututambua.

Tulipokuwa tukimbeba kumpeleka kwenye gari, tulipita uani penye moshi mzito. Vijana walikuwa wakichoma masalio ya karamu: sahani za plastiki, vijiko, chupa na karatasi za zawadi. Kaka yangu, ambaye hata kupumua kulikuwa kazi, aliuvuta moshi huo hadi tulipofunga mlango wa gari. Alilazwa siku sita. Tunamshukuru Mungu kwamba alipona, lakini ndama aliyetengwa kwa karo ya mjukuu wake aliuzwa ili kulipia matibabu.

Siku hizo sita nikiwa nimeketi kando ya kitanda chake, nilitambua kwamba sukari iliyomwangusha na moshi uliotusonga uani vilizaliwa na mama mmoja, naye ni fahari. Tumeifanya sikukuu kuwa mashindano. Mwenye mifupa mingi uani na rundo kubwa la taka nyuma ya jikoni ndiye tunayesema alisherehekea. Anayepika kwa kiasi tunasema ni mchoyo.

Hebu tuanze na soda. Chupa moja ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko saba hivi vya chai. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia kumi ya nishati tunayopata katika chakula, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku. Chupa mbili, basi, zinamvusha mtu mpaka kabla hajagusa chai yenye sukari au keki. Shirika hilo hilo hushauri chumvi isizidi gramu tano kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Ni nani kati yetu anayekumbuka kijiko hicho anapochovya nyama choma katika rundo la chumvi kando ya sahani? Tusishangae basi wazee wetu wenye shinikizo la damu wanapoanza mwaka kwa foleni za zahanati.

Isitoshe, chupa yenyewe imebadilika. Wale waliolelewa katika miaka ya themanini na tisini watakumbuka kwamba soda ya Krismasi ilikuja katika chupa za kioo, na kwamba mtoto aliyevunja moja alikiona cha mtema kuni. Kreti ilikuwa sharti irudi dukani ikiwa na chupa zote 24. Hatukuwa na semina za mazingira, lakini hatukuacha chupa mtoni. Leo tunanunua chupa za plastiki, tunakunywa kwa dakika tano, na kuliachia shamba mzigo ambao mjukuu wa mjukuu wetu ataufukua kwa jembe.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Agosti 28, 2017, na kuweka faini ya kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne. Wengi tulidhani tungekufa njaa kwa kukosa cha kubebea sukuma wiki. Hatukufa. Tulirudia vikapu na viondo vya mama zetu. Aidha, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Maganda ya viazi na ndizi ni mbolea ya bure. Kuyachanganya na plastiki na kuviwasha moto pamoja ni kuitupa mbolea na kununua sumu.

Kuhusu makaa, wengi hawajui hesabu yake. Katika matanuri ya kienyeji ya kufukia magogo udongoni, kilo kumi za mti huenda zikatoa kilo moja au mbili tu za makaa. Kila gunia tunaloliteketeza kwa siku moja ya nyama choma limebeba nyuma yake shehena ya miti tusiyoiona. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe kuwa miti inafunika angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi. Lengo hilo halitadumu iwapo kila Desemba tunachoma kile kinachopandwa. Chovya chovya, wahenga walisema, humaliza buyu la asali.

Nasikia tayari sauti ya msomaji akiniambia: "Wewe umeshiba, ndiyo maana unatuhubiria. Mimi nyama naiona mara moja kwa mwaka." Msomaji huyo ana haki kabisa. Mama anayenunua kilo mbili za nyama ili watoto wake sita waonje Krismasi simwambii neno. Aonje, na ashibe. Ninaowalenga ni sisi tunaochinja mbuzi watatu kwa watu ishirini, kisha Januari tukabisha hodi kwa majirani kukopa karo. Iwapo nyama ni nyingi, mbona isivuke ua? Ndugu zetu Waislamu wana desturi nzuri wakati wa Idd-ul-Hajj: nyama ya mnyama aliyechinjwa hugawanywa kwa jamaa wa nyumbani, kwa ndugu na majirani, na kwa maskini. Tungeiga hilo, mbuzi mmoja angetosha boma mbili, na hakuna ambaye angelazimika kula mpaka augue.

Mapendekezo yangu ni machache, na hayahitaji fedha. Kwanza, katika kila karamu mtungi wa maji safi na matunda ya shambani viwekwe mezani mapema kama soda inavyowekwa, ili asiyetaka sukari asiombe kama mkosaji. Pili, mrenda, kunde na managu vipewe heshima ya sikukuu badala ya kuitwa chakula cha shida. Tatu, maharagwe yarowekwe tangu usiku, na mapishi yafanywe kwa jiko la bati na udongo linalohifadhi joto, ambalo hupunguza makaa kwa thuluthi moja au hata zaidi. Nne, kila boma itumie sahani za kuosha. Vijana wako likizo, na maji na sabuni havijawahi kumuua kijana.

Mwisho, mti wa Krismasi. Tumezoea kuwatuma watoto wakate kilele cha msaiprasi, na mti uliokatwa kilele huenda usinyooke tena vizuri. Badala yake, tupambe mche ulio hai ndani ya mkebe, uwe wa kiasili au wa matunda kama mparachichi. Baada ya sikukuu mtoto mmoja akabidhiwe aumwagilie maji yaliyooshea mboga, na mvua za Machi zinapoanza, uingie ardhini. Hayati Profesa Wangari Maathai alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka wa 1977 kwa miche michache, na mwaka wa 2004 akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hatuombwi tuzo. Tunaombwa mche mmoja kwa kila boma.

Krismasi ya mwaka wa 2023 kaka yangu alizunguka tena nyumba zetu kama ilivyo desturi. Kwangu alikuta maji, papai, mrenda na kipande cha kuku. Alikula polepole, akanawa, kisha akaniambia, "Ndugu yangu, leo nimekaribishwa. Mwaka jana nilishindiliwa." Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikumbuka ile chupa na mkono ulioifungua.

Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone. Wakati umewadia nasi wenyeji tuhakikishe kwamba mgeni akiondoka kwetu naye ni mzima, na kwamba ardhi aliyoikanyaga haikuachwa na jeraha. Nawatakia wasomaji wote sikukuu njema.