Mcheza Pichani Hatunzwi

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma, mtazamaji aliyefurahi huinuka na kumtunza mchezaji, na mchezaji naye humjua aliyemtunza. Siku hizi tunaambiwa kamera imeivusha desturi hiyo mipaka: picha ni lugha ya watu wote, kwa hiyo mpiga picha na mcheza ngoma wa mataifa mawili wakikutana, tamaduni zao zimekwisha kubadilishana. Imani hiyo ni tamu, ila haina mguu wa kusimamia. Ngoma ina wimbo, mahali na sababu. Picha hubakiza mwili peke yake. Tazama kadi za posta za morani wa Kimaasai akiruka. Anayeijua adumu, ngoma hiyo ya kuruka, hukumbuka eunoto, sherehe inayowafungulia morani mlango wa kuoa na kuelekea uzee. Asiyeijua huona kijana mrefu yuko hewani, wala jina lake hajui.

Ushahidi mzito zaidi uko Sudan. Leni Riefenstahl, Mjerumani aliyetengeneza filamu za kuutukuza utawala wa Hitler, alianza kwenda kwa Wanuba mwaka 1962, akawapiga picha wakicheza ngoma na mieleka, kisha akatoa vitabu mwaka 1973 na 1976. Wengi walizisifu picha zile. Mwaka 1975 mwandishi Mmarekani Susan Sontag akaandika kwamba urembo ule ulikuwa uleule wa kifashisti, wa kuabudu mwili wenye nguvu. Kama picha ni lugha ya wote, mbona wasomaji wake walisoma mambo yanayopingana hivyo? Ugomvi wenyewe ulikuwa wa Ulaya na Marekani. Wanuba walibaki kuwa mada.

Dawa ni kumshirikisha mchezaji katika maamuzi. Atasema mtu kwamba kufanya hivyo kunaua uhai wa picha. Mpiga picha Barbara Morgan na mcheza ngoma Martha Graham, ingawa wote wawili walikuwa Wamarekani, wanamjibu. Tangu 1935 Morgan hakuvizia jukwaani. Aliitazama ngoma kwanza, kisha Graham akaicheza upya kwa ajili ya kamera. Picha ya 1940, Graham ameinama na sketi yake imepeperuka, ilipangwa, na bado inapumua. Mwingine atasema anayeikataa kamera anajifungia ndani. Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani, walipochoshwa na wapiga picha waliofurika kwenye ngoma yao ya nyoka, walipiga marufuku picha za sherehe zao mwanzoni mwa karne ya 20. Hawakujifungia, walisema hapana, na asiyeruhusiwa kusema hapana habadilishani na mtu, ananyang'anywa.

Picha nayo ina namna yake ya kumtunza mchezaji: jina lake, jina la ngoma yake, nakala mkononi mwake, na kauli juu ya ipi itoke na ipi ibaki. Kadi ya morani iandikwe hayo kwanza, ndipo tuzungumze habari za kubadilishana.