Rada, Mlima Kenya na Uhaba wa Maneno ya Mvua

Mtu aliyesimama Timau wakati wa masika huweza kuona Mlima Kenya umefunikwa na wingu zito ilhali yeye mwenyewe anaota jua. Upande huu wa kaskazini-magharibi hupata mvua haba kuliko upande wa Embu na Chuka. Hata hivyo, mito inayotelemka hapa huyakusanya maji ya msituni na ya nyanda zilizo juu ya msitu, ikayapitisha kati ya mashamba ya ngano na ya maua, hatimaye ikayakabidhi Ewaso Ng'iro. Mnamo Machi 2010 Ewaso Ng'iro ulifurika ukasomba kambi kadhaa za watalii katika Hifadhi ya Samburu, pamoja na kambi ya watafiti wa shirika la Save the Elephants. Watu waliokolewa kwa helikopta. Mvua iliyoleta maji hayo ilikuwa imenyesha mbali, katika nyanda za juu.

Je, mvua ya namna hiyo yaweza kujulikana kabla maji hayajafika? Wanasayansi hutujibu kwa neno moja: rada. Sisi wana-Kiswahili tumezoea kulipokea neno kama hili, tukalipachika katika ngeli yake, tukaendelea na safari. Maoni yetu ni kwamba hapa tunapaswa kusita kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe limejaa maswali ya lugha.

Inafaa ieleweke kwamba rada haipimi maji. Hutuma mawimbi ya redio, nayo yakigonga matone, sehemu ndogo hurejea kama mwangwi. Nguvu ya mwangwi huo hutegemea mno ukubwa wa tone: kipenyo kikiongezeka maradufu, maji yaliyomo huongezeka mara 8, bali mwangwi huongezeka mara 64. Kwa hiyo matone machache manene yanaweza kupiga kelele kuliko manyunyu mengi yenye maji zaidi. Fomula maarufu ya kugeuza mwangwi kuwa milimita za mvua ilitolewa na Marshall na Palmer mwaka 1948, lakini hakuna fomula moja inayofaa kila wingu. Mnamo Julai 1997, mjini Fort Collins, Colorado, chini ya Milima ya Rocky, ilinyesha mvua ya matone madogo mengi mno. Fomula ya kawaida ya rada ilikadiria kiasi pungufu sana kuliko kilichoonekana katika vipimamvua. Watu 5 walikufa.

Kisha kuna mlima wenyewe. Rada ikisimikwa kusini mwa Mlima Kenya, mwamba utauzuia mwale wake, na sehemu ya miteremko ya kaskazini itabaki gizani. Ikiwekwa mbali, mwale hupanda kadiri uendavyo: umbali wa kilomita 150, hata ule unaoelekezwa chini kabisa huwa umepita zaidi ya kilomita 2 juu ya kimo cha rada, nayo mvua inayozaliwa chini ya hapo haionekani. Ndiyo sababu kipimamvua cha mkulima, kopo linalosomwa kila asubuhi, hakijastaafishwa na mtambo wowote. (Laikipia na Timau zina bahati ya kuwa na wakulima waliotunza daftari za mvua kwa miaka mingi.)

Sasa tuje kwenye lugha. Tuna maneno matatu ambayo magazeti na hata baadhi yetu huyachanganya: kipimo, makadirio na utabiri. Kopo la mkulima hutoa kipimo, rada hutoa makadirio, ilhali mtabiri husema litakalokuja. Mwanakijiji akiambiwa kwamba rada "imepima" milimita 40 naye aone kopo lake lina 70, atamwita msemaji mwongo, na siku ya pili hatahama. Aidha, husemwa "mvua kubwa" bila kutenga wingi na kasi. Milimita 60 zikinyesha kwa siku mbili huotesha ngano. Zikinyesha kwa saa moja hung'oa daraja. Na milimita yenyewe ni nini kwa msikilizaji? Ni lita moja katika kila mita ya mraba. Milimita 50 zikiangukia kilomita za mraba 20 za mteremko ni mita za ujazo milioni 1. Si zote zitakazofika mtoni, kwani nyingine hunywewa na udongo, lakini hesabu hiyo mtu huielewa.

Neno linalotukera zaidi ni "mafuriko ya ghafla". Ghafla kwa nani? Aliye mlimani ameiona mvua saa kadhaa kabla. Anayeshtuka ni yule wa bondeni ambaye hakuarifiwa. Neno hilo huuficha uzembe wa kutoarifu ndani ya tabia ya maji. Tunapendekeza "mafuriko ya mkupuo", kwa maana ya maji yajayo mengi kwa mara moja. Anayeona "gharika" latosha ajitokeze. Sisi twaona gharika ni neno la maangamizi makubwa mno, tena limekwisha kuchukuliwa na Nuhu.

Wengine watasema kwamba tunacheza na maneno watu wakifa. Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalifumuka usiku yakaua zaidi ya watu 40. Kweli, rada isingaliuona mfereji ulioziba chini ya tuta, na istilahi isingaliuzibua. Lakini kati ya mwangwi unaorejea kwenye mtambo na mama anayewaamsha wanawe usiku kuna sentensi ambayo lazima mtu aiandike. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kutoka Timau hadi Archer's Post ndicho Mmeru, Mmaasai, Msamburu, Mturkana na Msomali wanachokutania. Kwa hiyo chama chetu kisisubiri kamusi. Wanachama wanaotoka pande hizo waulize, likizo hii, wazee huuitaje mto unaokuja umejaa chini ya anga safi. Hao wanaoyaita makorongo makavu "laga" hawakosi neno la siku laga linapotapika. Orodha hiyo iletwe kwenye kamati ya istilahi, kisha ipelekwe kwa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya mvua za Oktoba.