Apigaye Hodi Ajue Anachokiomba

Hodi ni neno lisilokamilika mpaka lijibiwe. Aipigaye akakuta kimya haingii; huirudia mara ya pili na ya tatu, kisha huenda zake. Nimelitafakari neno hili nikifuatilia mvutano baina ya wapanda milima na wenye ardhi katika jimbo la Colorado, Marekani, mvutano unaomhusu kila mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake ziarani.

Huko, majira ya baridi yafikapo, maporomoko ya maji huganda yakawa nguzo za barafu, na wapo watu wanaozikwea kwa shoka ndogo mikononi na meno ya chuma viatuni. Mjini Ouray mchezo huo ulianzia kwenye barafu ya bomba la mtambo wa umeme lililokuwa likivuja. Siku hizi maji hunyunyiziwa majabali kwa makusudi. Lakini si kila barafu wala kila kilele kina mlango wazi namna hiyo. Juu ya mlima Lincoln, wenye zaidi ya mita 4,200, ardhi ni miliki ya watu binafsi, na imejaa mashimo ya migodi ya kale.

Mbona basi mwenye ardhi akatae? Wapandaji wengi husema ni choyo. Sikubaliani nao hata kidogo. Mnamo 2008 mwendesha baiskeli mmoja aliumia vibaya shimoni, njiani katika eneo la chuo cha jeshi la anga mjini Colorado Springs, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikaidhinisha fidia ya zaidi ya dola milioni 7. Sheria ya jimbo ilimkinga mwenye ardhi awakaribishaye watu bure, ila si yule aliyeijua hatari akanyamaza. Ardhi ile ilikuwa ya serikali, lakini wenye mashamba waliisikia hukumu. Mlima Lindsey ukafungwa mwaka 2021. Lincoln na Democrat ikafuata mwaka 2023. Ilipofunguliwa tena, mpandaji alitakiwa kwanza kutia sahihi kwamba hatamshtaki mwenye ardhi. Mnamo 2024 sheria ikarekebishwa, hata ikawa bango la onyo penye njia ya kuingilia linaweza kumkinga aliyesema karibu.

Kumbe aombaye ruhusa haombi kupita tu. Humwomba mwenzake ajitwike hatari isiyo yake. Kumwambia "tutakuwa waangalifu" si jibu, ni maneno ya mdomoni. Afike mapema, kabla ya siku ya safari, aseme wako wangapi, magari yataachwa wapi, na nani atakayegharamia mguu ukivunjika. Tena ruhusa aliyopewa mmoja si ya rafiki zake wote, na ya mwaka jana si ya mwaka huu.

Najua nitaambiwa kwamba Wanorwe, kwa sheria yao ya 1957, hutembea nyikani bila kumwomba mtu, na kwamba Uskoti ilitunga ya kwake mwaka 2003. Ni sheria ninazozihusudu. Hata hivyo Uskoti humpa haki hiyo yule tu anayeitumia kwa uwajibikaji, na sisi hatuna sheria ya aina hiyo. Sura ya 294 ya sheria za Kenya humhesabu kuwa mkosaji aingiaye katika ardhi ya mtu binafsi bila sababu ya haki wala idhini ya anayeikalia.

Ndiyo maana zinanikera barua za shule zenye mstari mmoja: "Tunaomba ruhusa ya kuzuru shamba lako Jumamosi." Mwenye shamba lenye jabali atajibu nini? Barua na iseme kwamba wanafunzi arobaini watapanda, nani atakayeshika kamba, bima ni ya nani, na kwamba akikataa shule haitauliza sababu.